Mjadala: Pesa za vijana na makedi ziende kwa fimbo za kupimiwa au kwa walimu?

Mwanzisha mjadala

Ndugu wanagofu, naleta jamvini jambo ambalo limekuwa likibishaniwa chinichini katika viwanja vyetu hapa Nairobi, na sasa ni afadhali tuliseme wazi. Pesa za kukuza vijana na makedi (wanaobebea wachezaji mabegi ya fimbo) zinapopatikana, ziwe za mfadhili au michango ya wanachama, zianzie wapi? Kwenye fimbo zinazolingana na miili yao, au kwenye walimu na muda wa mazoezi?

Wengi husema kupimiwa fimbo ni anasa ya watu wenye pesa na hendikapu ya chini, yaani waliokwisha kubobea. Kijana apewe fimbo yoyote iliyopo, apige mipira, akikomaa atajinunulia zake. Mimi naona ni kinyume. Anayehitaji kupimiwa kuliko wote ni yule anayeanza. Mtu mzima ambaye swingi yake, yaani namna anavyozungusha fimbo, imeshajengeka anaweza kuivumilia fimbo isiyomfaa. Mtoto hana cha kuvumilia nacho. Swingi yenyewe anaijenga kwa hiyo fimbo.

Tazameni siku za kugawa misaada. Mwanachama analeta begi la zamani lenye aironi (fimbo za kichwa bapa) za chuma na draiva (fimbo ndefu ya mkwaju wa kwanza) ya inchi 45. Anatafutwa mtu mwenye msumeno, anakata inchi nne au tano upande wa mshiko, anavika mshiko mpya, mtoto anapigwa picha na kila mtu anaenda nyumbani ameridhika. Je, hiyo imekuwa fimbo ya mtoto? Kichwa cha aironi 7 ya mtu mzima kina karibu gramu 270, na msumeno haukukigusa. Shafti, yaani mpini, ya chuma ilikuwa na gramu 120 hivi, zimepungua chache tu. Tena shafti ikikatwa inakuwa ngumu zaidi, kwa sababu kunyumbulika kwake kunategemea urefu. Kwa hiyo mtoto wa miaka tisa amekabidhiwa fimbo fupi, nzito, na ngumu kuliko ilivyokuwa mikononi mwa mwenyewe.

Sasa mwangalieni akiipiga. Anaipeleka nyuma, uzito unamvuta, kiwiko cha kushoto kinakunjika, kiwiliwili kinayumba. Swingi nzuri hushuka kwa mpangilio: nyonga zinatangulia kugeuka, kifua kinafuata, halafu mikono, na kichwa cha fimbo kinakuja mwisho kikiwa na kasi yote iliyokusanywa njiani. Safari hiyo ya kushuka huchukua takriban robo sekunde, na mpira wenyewe hukaa usoni mwa fimbo kwa karibu nusu ya elfu moja ya sekunde. Hakuna nafasi ya kurekebisha katikati. Mtoto mwenye fimbo nzito hawezi kungoja nyonga zitangulie. Anaitupa mikono mapema kutoka juu ili fimbo ifike mpirani kwa namna yoyote. Mwalimu anamfokea, "Usitupe mikono!" Aache kuitupa vipi, na hiyo ndiyo njia pekee misuli yake imeipata?

Halafu akifika miaka kumi na mitano tunalipa masomo ya kuondoa tabia aliyofundishwa na fimbo tuliyompa sisi wenyewe. Ndiyo maana nasema meza ya fundi itangulie: mashine ya kukunja pembe ya aironi (kati ya shafti na kichwa), mizani, shafti nyepesi za grafaiti, mishiko midogo, gundi. Rada za kupima mpira zisubiri. Rada kama Trackman, ile ya kampuni ya Denmark, huuzwa kwa zaidi ya dola 20,000, na pesa hizo zingeendesha meza ya fundi kwa muda mrefu sana. Karibuni mnipinge.

Kedi wa siku nyingi

Mzee, umeeleza vizuri, lakini mimi sikubaliani nawe.

Seve Ballesteros, bingwa wa Kenya Open mwaka 1978, alijifunza gofu ufukweni kwao Uhispania kwa aironi 3 kuukuu aliyopewa na kaka yake. Hakupimwa na mtu. Jim Furyk ana swingi ambayo mwalimu yeyote wa hapa angeifuta siku ya kwanza, na mwaka 2016 alimaliza raundi ya PGA Tour, ligi ya kulipwa ya Marekani, kwa mikwaju 58 tu, na kwenye gofu michache ndiyo ushindi. Hawa waliupiga mpira mpaka mwili ukajua pa kwenda.

Kijana wa Kibera anaviona viwanja viwili vikubwa karibu na kwao na hawezi kuingia. Kedi anajua kila mteremko wa grini (nyasi fupi zenye shimo) kuliko mwenye uwanja, lakini kucheza ni mpaka siku waliyotengewa makedi, tena kwa fimbo za kuazima. Ukimpa fimbo zilizopimwa halafu ukamfungia geti, umemsaidia nini? Nimebeba mabegi ya watu waliopimiwa kila kitu mpaka mshiko, na mipira bado tulikuwa tukiitafuta vichakani. Pesa ziende kwa mipira ya renji (sehemu ya mazoezi ya kupiga), ada ya uwanja na mwalimu. Huo ndio msimamo wangu na wa wenzangu wengi.

Mama wa binti wa miaka 12

Kaka yangu kedi, nakuheshimu, lakini mfano wa Seve unanitatiza. Yule alikuwa na ufuo wa bure kila siku ya utoto wake. Binti yangu ana muda mfupi wa wikendi. Kama kila saa moja ni ya thamani hivyo, ndiyo sababu zaidi ya kutompotezea kwa fimbo ya mjomba.

Na hapa nitasema jambo ambalo akina baba mnalipita. Wasichana wetu wanarithi fimbo za wanaume. Mshiko ni mnene, vidole havifungiki vizuri, kwa hiyo anaukaba, na akiukaba viganja vinakuwa vigumu na uso wa fimbo haugeuki kulenga shabaha. Mpira unaenda kulia kila mara, na watu wanamwambia hana nguvu. Binti yangu alibadilishiwa mishiko tu, mishiko midogo ya kawaida, na mpira ukaanza kunyooka. Swingi ilikuwa ile ile.

Lakini nina swali kwa Mwanzisha. Mtoto anakua. Fimbo niliyomnunulia mwaka jana leo inamfika chini ya kiganja. Kila msimu nitoe wapi pesa? Usipojibu hilo, hoja yako inabaki kuwa ya wenye mifuko mizito, hata kama nia ni njema.

Fundi wa fimbo

Nimefanya kazi hii muda mrefu, kwa hiyo naomba nafasi kidogo.

Kwanza, watu wanadhani kupimiwa ni rada na skrini. Sehemu kubwa haihitaji umeme. Chukua tepu, pima urefu wa mchezaji na umbali kutoka kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono hadi sakafuni. Kampuni ya Ping imejenga utaratibu wake wa nukta za rangi kwa vipimo hivyo viwili kama mahali pa kuanzia, na nukta nyeusi ndiyo ya kawaida. Kisha chora mstari mnene kwa kalamu ya maka juu ya mpira, uweke mpira mstari ukiwa wima upande wa fimbo, mwambie apige. Wino utabaki usoni mwa aironi. Mstari wa wino ukiwa wima, pembe inamfaa. Mstari ukilala upande, fimbo inagonga ncha ikiwa juu au kisigino kikiwa juu, na ncha ikiwa juu mpira wa anayepiga kwa mkono wa kulia huelekea kushoto hata kama swingi ni safi kabisa. Huyo mchezaji ataanza kuupindisha mwili ili mpira unyooke. Nimewaona makedi wenye vipaji wakiishi na ugonjwa huo bila kujua chanzo. Aironi za chuma laini kilichofuliwa kwa nyundo naweza kuzikunja digrii moja au mbili kwa dakika chache. Zile za chuma kilichomiminwa kwenye kalibu ni za kuangalia kwa makini, nyingine huvunjika.

Pili, msidanganywe na herufi R (ya kawaida) na S (ngumu) kwenye shafti. Hakuna kipimo kimoja cha herufi hizo kinachofuatwa na makampuni yote. S ya huyu inaweza kuwa laini kuliko R ya yule. Kwenye fimbo za mtumba ndiyo balaa, unakuta begi moja lina shafti za familia tatu tofauti.

Tatu, na hapa nampinga Mwanzisha kidogo, rada ina kazi yake Nairobi. Tuko karibu mita 1,700 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi, mpira unasafiri takriban asilimia 6 zaidi ya unavyosafiri Nyali au Vipingo. Aironi ya yadi 150 pwani inakupa kama 159 hapa. Hiyo inaonekana neema, lakini hewa nyepesi pia haiuinui mpira sana. Unapaa chini, unatua kwa mlalo, unakimbia mpaka nje ya grini. Pia haupindi sana, kwa hiyo kosa la uso wa fimbo linafichika hapa na kujitokeza ukienda kucheza pwani. Fimbo zilizopimwa ng'ambo kwa hewa ya bahari huenda zikahitaji kuangaliwa upya huku. Bila rada ninakisia kwa jicho. Hakuna ulazima wa kila kilabu kununua yake, moja ya kuzungushwa ingetosha.

Mtaalamu wa viungo na misuli

Nawasoma wote na ninaona mwili umesahauliwa. Maumivu ya kiuno ni miongoni mwa majeraha yanayowasumbua zaidi wanagofu. Pingili za kiuno huzunguka digrii chache tu. Mzunguko mkubwa unatakiwa utoke kwenye nyonga na sehemu ya kifua ya mgongo. Nyonga ikikaza, kiuno kinalazimishwa kufanya kazi isiyo yake, mara mia kwa kila ndoo ya mipira.

Makedi hasa. Mtu amebeba begi zito kwa mashimo 18, bega moja, kisha jioni anachukua draiva na kupiga kwa nguvu zote bila hata kunyoosha misuli. Hakuna shafti itakayomponya huyo. Kabla ya kumpima fimbo, mlaze chali, mkunjie goti, zungusha paja lake ndani na nje, uone nyonga inafika wapi. Ukimpimia fimbo kulingana na swingi ya mtu mwenye nyonga iliyokaza, umeufanya ugonjwa wake kuwa kipimo. Baada ya miezi ya mazoezi mwili umefunguka na fimbo haimfai tena.

Kwa hiyo utaratibu wangu ni mwili, halafu fimbo, halafu mwalimu. Na watoto wasipige ndoo baada ya ndoo za draiva. Mifupa yao bado inakua.

Mwanzisha mjadala

Asanteni. Nianze na Mama, kwa sababu swali lake ndilo gumu. Mzazi asinunue. Fimbo za watoto ziwe mali ya mpango, ziwe na namba, mtoto aazime zinazomtosha na kuzirudisha akizidi. Anayekua anamwachia anayemfuata. Ndiyo maana nasisitiza meza ya fundi badala ya siku ya kugawa: begi likigawiwa limekwenda, lakini fimbo ya hazina inahudumia watoto wengi kwa zamu. Seti ya watoto haihitaji fimbo 14 zinazoruhusiwa na sheria. Tano au sita zinatosha kabisa.

Kwa Mtaalamu: sina pingamizi, kipimo cha nyonga kiwe sehemu ya kupimiwa. Hakihitaji kifaa.

Kwa Kedi. Kaka, mtoto mmoja mwenye kipaji cha Seve hawezi kuwa sera ya kulea mamia. Mtazame pia Bryson DeChambeau. Aironi zake zote ziliundwa zikiwa na urefu mmoja ili asimame na kuzungusha vilevile kila mara, akatwaa US Open ya 2020. Watu walimcheka kwanza. Alianza na mwili wake, fimbo ikaufuata, na hicho ndicho ninachowaombea vijana wetu. Kuhusu geti, hoja yako ni ya haki na siipingi. Lakini kamati zinaposema pesa hazitoshi kufungua viwanja, zile za fimbo bado zinatumika vibaya mbele ya macho yetu kwa kukata mabegi ya zamani.

Kedi wa siku nyingi

Mzee, hapo umenisogeza kidogo, si sana. Nina sharti.

Hiyo meza isiwekwe ndani ya duka la kilabu ambako kedi anasimama mlangoni. Iwekwe banda la makedi. Na wanaofundishwa kuitumia wawe makedi wenyewe, wawili watatu kila uwanja, chini ya Fundi huyu au mwenzake. Kubadilisha mshiko, kupima uzito, kukunja digrii moja, hayo ni mambo ya kujifunza kwa mikono na sisi mikono tunayo. Mwanachama naye akitaka mshiko mpya alete fimbo yake bandani alipe, na pesa hiyo inunue mipira ya renji ya vijana. Hapo mtakuwa mmemtengenezea kedi fimbo na kazi pia, hata siku ambazo hakuna begi la kubeba.

Mkikubali hivyo, nitasimama nanyi mbele ya kamati. Ikiwa ni meza ya kufungiwa ofisini na ufunguo kukaa kwa katibu, nabaki kwenye msimamo wangu: nunueni mipira, fungueni geti.

Fundi wa fimbo

Mimi niko tayari kufundisha. Mashine ya kukunja aironi ninayo moja ya ziada, inahitaji kusafishwa tu. Mniambie uwanja gani utaanza.