Tiketi bei juu, viti vitupu: kombe la dunia la hoki la vijana wanamchezea nani?

BabaImani_MTL
Habari za jioni wadau wa Kanada na Marekani. Nina swali limekaa kifuani muda mrefu na wiki hii kijana wangu kaliamsha upya.

Mimi niko Montreal, hoki ya barafuni nimeijulia huku huku ukubwani lakini sasa hivi nyumbani hatuna mchezo mwingine. Desemba 2016 nilimpeleka mwanangu Bell Centre kwenye kombe la dunia la vijana chini ya miaka 20, yeye akiwa na miaka sita, tukaangalia Ufini na Denmark. Ufini ndio walikuwa mabingwa watetezi, kombe walilichukua kwao Helsinki mwezi wa kwanza mwaka huo huo. Sasa ule uwanja unaingiza watu zaidi ya 21,000 na sisi tulioingia siku ile nadhani tungeenea upande mmoja tu na nafasi ingebaki. Tulikaa juu kabisa lakini tulikuwa tunasikia viatu vinavyokwaruza barafu, kocha akiita mchezaji tunasikia, kile kisahani wanachokigombania kikigonga ubao mlio unazunguka uwanja mzima ndio unarudi. Mtoto akaniuliza, baba, mechi imefutwa? Na mechi yenyewe ilikuwa moto kwelikweli, Denmark wakashinda 3-2, siku chache baadaye Ufini wakamfukuza kocha wao mashindano yakiwa bado yanaendelea! Jambo kubwa namna hiyo na walioliona kwa macho ni wachache.

Sasa mwanangu ni kijana mkubwa, anacheza mwenyewe, anataka twende tena popote yatakapokuwa karibu. Nikipiga hesabu ya watu wanne nasikia kizunguzungu. Naomba mnieleze, kwa nini bei inapandishwa kiasi hicho halafu viti vinabaki vitupu? Si bora washushe, au wawaingize watoto wa shule wajaze?

BintiKisauni
Salaam kaka. Mimi niko Ottawa, tulikuwa na haya mashindano hapa Desemba 2024 mpaka Januari 2025 kwa hivyo naongea nililoliona.

Kwanza elewa wanavyouza. Hawaanzi na tiketi moja moja, wanaanza na bando, yaani ununue mechi nyingi kwa pamoja miezi kabla, wakati hujui hata nani atafika robo fainali. Huko ni kununua mbuzi kwenye gunia. Mwenye pesa ananunua bando lote kwa sababu anataka mechi za Kanada na fainali tu, zile za Kazakhstan na Slovakia hana haja nazo, zinabaki mfukoni mwake au anajaribu kuziuza mtandaoni. Ndiyo maana unaambiwa tiketi zimeuzwa na ukiingia unaona viti. Vimelipiwa ila hakuna aliyekuja kuvikalia.

Halafu wakaja walanguzi. Mechi za Kanada bei ikaruka mpaka sisi watu wa kawaida tukaangalia kwenye TV. Mara Kanada wakafungwa na Latvia kwa penalti, halafu tarehe 2 Januari Wacheki wakawatoa robo fainali 4-3. Bei ikaporomoka usiku ule ule! Waliokuwa wameshikilia tiketi za nusu fainali wakawa wanatafuta mtu yeyote wa kuwapunguzia hasara. Jirani yangu mmoja alipata tiketi mbili kwa pesa ambayo wiki moja kabla isingemnunulia hata moja.

Lakini kitu kimoja walikifanya vizuri, mechi za kundi la pili wakazipeleka TD Place, uwanja mdogo, uko mjini unaingia kwa basi. Nilienda Sweden na Slovakia pale na kulikuwa na kelele mpaka masikio yanauma. Hao hao watu ungewapeleka kule uwanja mkubwa wa Canadian Tire Centre ungesema hakuna mtu. Kwa hivyo hapo Montreal kosa la kwanza lilikuwa kupeleka Denmark kwenye uwanja wa watu elfu ishirini na moja.

Mkongo_wa_Buffalo
Bwana BabaImani asante kwa swali hili. Sisi Buffalo, huku Marekani, tulipokea mashindano ya 2018 na nina ushuhuda.

Tarehe 29 Desemba 2017 walicheza Marekani na Kanada nje, kwenye uwanja wa mpira wa Kimarekani, theluji inamwagika mpaka wanasimamisha mchezo waisukume pembeni. Watu 44,592 bwana! Haijawahi kutokea idadi hiyo kwenye mechi ya hoki ya vijana. Mimi nilivaa soksi tatu na bado vidole sikuvisikia, ila sikuondoka, Marekani walikuwa nyuma 3-1 wakarudisha wakashinda kwa penalti 4-3. Nilikuwa nimesimama karibu na baba mmoja wa Kikanada amefunika watoto wake wawili na blanketi moja, akaniambia wamevuka daraja asubuhi.

Kesho yake na kesho kutwa ukienda uwanja wa ndani unakuta sehemu nzima haina mtu. Mji ule ule wiki ile ile. Kwa maoni yangu waandaaji walipanga bei wakimtegemea Mkanada atavuka mpaka kila siku, na Mkanada akibadilisha dola yake kuwa ya Marekani inapungua robo nzima au karibu yake, ongeza hoteli, ongeza mafuta, ndio wakati wa Krismasi watu wameshamaliza pesa. Akachagua mechi moja au mbili akarudi kwao. Sisi wa hapa ambao tungeenda kwa miguu hakuna aliyetukumbuka, mtaani kwetu kumejaa watoto wa wakimbizi hawajawahi kuingia uwanja ule hata siku moja.

Mzee_wa_Halifax
Naheshimu mnayosema lakini nitapinga kidogo. Bei peke yake haielezi. Mashindano ya 2023 yalitolewa Urusi kwa sababu ya vita ya Ukraine yakaletwa kwetu Halifax na Moncton. Bando zilikuwa ghali vile vile na watu waligombania, kijana wa Kanada Connor Bedard akafunga na kutoa pasi mpaka pointi 23, fainali Kanada wakawashinda Wacheki 3-2 dakika za nyongeza, ukishindwa kupata tiketi unasimama baa hakuna pa kuweka kiwiko. Miji yetu midogo haina timu ya NHL, ile ligi kuu ya kulipwa, kwa hiyo hii ndiyo sherehe yetu kubwa. Montreal mna Canadiens, mtu ameshalipia timu yake mwaka mzima utamwambia nini?

Na tazama Edmonton Agosti 2022. Mashindano yaliahirishwa Desemba kwa Korona yakapelekwa katikati ya kiangazi, watu wako ziwani wanavua samaki, na wakati huo huo kashfa ya Hockey Canada, shirikisho la hoki la nchi, kuhusu madai ya unyanyasaji wa kingono imelipuka mpaka bungeni na wadhamini wakubwa wamesimamisha pesa zao. Hata ungegawa tiketi bure baadhi ya watu wasingekanyaga pale, na mimi nisingewalaumu.

BintiKisauni
Mzee hapo kwa Edmonton nakubali mia kwa mia. Ila kwa Montreal sikubali, mwaka 2017 robo fainali ya Kanada yenyewe nusu ya uwanja haikuwa na mtu. Kanada! Na ilikuwa mara ya pili Toronto na Montreal kupewa ndani ya miaka miwili, mara ya kwanza 2015 watu walishalalamika bei. Mji unaoomba kuandaa unaahidi faida kubwa, hiyo faida itoke wapi kama si kwenye tiketi, na ukishapanga hivyo huwezi kushusha katikati kwa sababu aliyenunua bando mapema atadai chake. Wamejifunga wenyewe.

BabaImani_MTL
Nashukuru sana wote. Kumbe nilikuwa nafikiria bei ya mlangoni tu, suala la bando sikulijua kabisa. Mzee umenifanya nifikiri pia, ni kweli mtaani kwangu ukitaja hoki watu wanasikia Canadiens basi.

Ila bado linaniuma la watoto. Viti vile vilivyolipiwa na havina mtu, wangeweka hata utaratibu kwamba ikifika dakika ya kumi mwenye kiti hajaja, aingie mtoto. Mwanangu alianza kuomba viatu vya barafu wiki ile ile baada ya Denmark. Angekuwa yuko nyumbani sijui kama angeomba.

BintiKisauni
Kaka usisubiri kombe la dunia. Hawa vijana wengi unaowaona na jezi ya Kanada wanacheza ligi za vijana msimu mzima. Hapa TD Place ipo timu ya 67's, ng'ambo ya mto Gatineau wapo Olympiques, bei yake haifanani hata kidogo na ile ya mashindano, na unakaa karibu na kioo. Njooni wikendi moja, ni saa mbili kwa gari. Mlale kwangu, wali wa nazi upo, niambie tu mko wangapi ninunue tiketi mapema.

BabaImani_MTL
Tuko wanne. Nimemwonyesha kijana, ameshaanza kuuliza ni Jumamosi gani.