Kikundi cha Ukoo: Mfarishi wa Vititia

Shangazi wa Tanga: Assalaam alaikum nyote. Mfuko wa mabaki ya khanga na vitenge ulio chini ya cherehani yangu umejaa hadi haufungiki, na sipendi kuyachoma pamoja na taka. Mwanangu, ulituonyesha mfarishi, lile tandiko la vipande vya nguo vilivyoungwa, wenye maumbo kama vile vititia vya ukuti ambavyo watoto hukimbia navyo upepo ukivuma. Nimejaribu kushona kimoja, nacho kimevimba katikati kama andazi.

Mimi: Waalaikumu salaam. Shikamoo Shangazi. Je, ulikata pembetatu kwanza, kisha ukaziunga?

Shangazi wa Tanga: Marahaba. Ndivyo nilivyofanya; nilikata pembetatu 8.

Mimi: Basi tatizo ni hilo, kwa sababu ukingo uliokatwa mshazari huvutika hata kwa kuushika tu. Chukua mraba wa khanga wa inchi 5 na mwingine wa marekani, kile kitambaa cha pamba kisicho na maua, wa kipimo hicho hicho, uilaze uso kwa uso, uchore mstari wa chaki toka pembe hadi pembe, upige mshono kila upande wa mstari kwa umbali wa robo inchi, na hapo ndipo ukate juu ya chaki. Ukifunua utapata miraba miwili, kila mmoja nusu khanga na nusu marekani. Ipige pasi, uipunguze hadi inchi 4 na nusu. Kinachoanguka ni uzi uzi tu. Minne ya namna hiyo, mishono ikishakula robo inchi kila upande, ndiyo kititia kimoja cha inchi 8.

Mama Mdogo: Hiyo robo inchi mimi huipata kwa kubandika plasta kwenye bati la cherehani, kwani macho yangu siyaamini tena.

Binamu: Kwa nini tusinunue doti mpya, ili rangi zilingane?

Shangazi wa Tanga: Tununue kitambaa kizima ili tukikatekate, na mfuko wangu ubaki pale pale umejaa?

Mimi: Mfarishi wa mtoto ni vititia 30, yaani miraba 60 ya khanga na 60 ya marekani. Vipande visivyofika inchi 5 vikatwe inchi 3. Hivyo hutoa kititia cha inchi 4, na vinne vyake hukaa mahali pa kimoja kikubwa. Khanga nyekundu zifuliwe peke yake kwanza, maana zikichuja rangi zitaharibu marekani yote.

Bibi: Wajukuu zangu, khanga zangu zilizochakaa chukueni, ila msilikate jina. Maneno yakikatwa katikati yanaweza kumtukana jirani bila mimi kukusudia.

Mimi: Tumesikia, Bibi. Ukanda wenye jina utabaki mzima, tuuweke upande wa nyuma.

Shangazi wa Tanga: Nimemaliza kimoja na kimelala vizuri, lakini nikikitazama kwa mbali hakizunguki.

Mimi: Bawa la chini kulia limegeuka, Shangazi. Fumua hilo moja tu, uligeuze robo mzunguko.

Shangazi wa Tanga: Nimefumua, na sasa kinazunguka. Marekani yangu ndiyo imekwisha.

Mama Mdogo: Ninalo shuka jeupe lililochanika katikati, lakini pembe zake bado ni nzima. Mtume mtoto alifuate kabla ya Magharibi.