Naomba ushauri: seva yangu ikiingia Capsicum haiwezi kuunganisha upya mtandao

Habari za jioni wakuu. Nimeandika seva ndogo kwa lugha ya C, inapokea vipimo vya mita za maji na kuvipeleka kwenye kompyuta nyingine. Inaendeshwa kwenye FreeBSD, mfumo endeshi wa jamii ya Unix. Sehemu inayosoma data kutoka nje ndiyo inayoninyima usingizi: mtu akipata upenyo pale, anapata kila kitu ambacho programu inaweza kukigusa.

Ndiyo maana nimechagua Capsicum, mfumo wa kuifungia programu isiguse zaidi ya ilichoruhusiwa, uliobuniwa Chuo Kikuu cha Cambridge na kuingia FreeBSD toleo la 9.0 mwaka 2012. Naipenda sana. Programu ikishaita cap_enter, amri ya kuingia kwenye kifungo hicho, haiwezi tena kufungua faili kwa kutaja njia yake, hata kama inaendeshwa na root, mtumiaji mwenye mamlaka yote. Inabaki na vibali ilivyokwisha kushika tu, na hairudi nyuma. Tatizo la faili za logi nimelimaliza: nafungua folda mapema, kisha natumia openat, inayofungua faili kuanzia folda iliyokwisha kufunguliwa.

Kilichonikwamisha ni mtandao. Muunganisho ukikatika, getaddrinfo (ya kutafuta anwani ya kompyuta kwa jina lake) haifui dafu, na connect (ya kuunganisha) inarudisha ECAPMODE, yaani kosa la kukatazwa na Capsicum. Naona njia mbili: huduma ya cap_net ya Casper (msaidizi wa FreeBSD anayezifanyia programu zilizofungiwa kazi zilizokatazwa), au kugawa programu vipande viwili, kimoja kibaki nje ya kifungo kikifungua soketi (miunganisho ya mtandao) na kukipitishia kingine kwa SCM_RIGHTS, njia ya programu moja kuikabidhi nyingine soketi iliyo wazi. Naegemea ya pili, maana kipande cha nje kitakuwa kifupi, rahisi kukagua.

Aliyewahi kuifanya kazini, ulichagua ipi? Na kipande cha nje kikifa, cha ndani kinapataje soketi mpya bila kupoteza vipimo?