MJADALA: Pikapu ya silinda nane "inayozima silinda" inunuliwe kwa fedha za ushirika huku Nyanda za Juu Kusini?

Mleta mada, Mbeya

Wadau, salamu. Vyama vya ushirika vya mazao huku kwetu vikikaa kuchagua gari la kazi, hakosi mtu wa kupendekeza pikapu kubwa ya Kimarekani ya petroli. Ukimuuliza habari ya mafuta, jibu analo: "Hii inazima silinda nne yenyewe, inakunywa kama gari dogo." Mimi napinga fedha za wanachama zitumike hivyo. Teknolojia yenyewe ni ya kweli, lakini inalipa kwenye aina ya barabara ambayo sisi tunayo kidogo.

Injini ya petroli hupunguzwa nguvu kwa kubana njia ya hewa. Ukitembeza V8 ya lita 5.3 polepole, silinda zote nane zinahangaika kuvuta hewa kwenye njia iliyobanwa, na kuhangaika huko kunakula mafuta bila kulisogeza gari. Mfumo wa kuzima silinda unatumia mgandamizo wa oili kuachia pini ndani ya tapeti, kile kifaa kinachosukuma vali. Tapeti inacheza bure, vali zinabaki zimefungwa, na mafuta hayaingii kwenye silinda hizo. Zilizobaki zinabeba kazi yote, njia ya hewa inafunguka zaidi, na upotevu unapungua. Kampuni ya magari ya Marekani, GM, walijaribu kwenye Cadillac mwaka 1981, kompyuta za wakati ule zikawaangusha. Pikapu yao ya Chevrolet Silverado ya 2019 ilikuja na toleo lenye mipangilio 17 ya kuwasha na kuzima silinda.

Kwa vipimo vya EPA, wakala wa mazingira wa Marekani, Silverado hiyo ya V8 isiyo ya 4x4 inakwenda maili 17 kwa galoni mjini na 23 barabara kuu, yaani kama kilomita 7.2 na 9.8 kwa lita. Ndugu yake yenye injini ya turbo (pampu inayosukumia injini hewa zaidi) ya lita 2.7, silinda nne tu, ni 20 na 23. Barabara kuu wametoka sare, na hiyo ni sifa kubwa kwa V8. Ila "barabara kuu" ya kipimo hicho haina mlima kama Kitonga. Kutoka Ruaha Mbuyuni hadi Iringa mjini unapanda karibu mita 1,000, na gari likiwa na mzigo silinda zote nane zinaamka. Chukua Mbeya kwenda Chunya, au Kasumulu kupanda Tukuyu hadi Uyole, ni yale yale. Tena injini isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 za mwinuko. Mbeya tuko kama mita 1,700. V8 iliyopungukiwa pumzi inahitaji silinda zake zote mapema zaidi kuliko ikiwa Dar.

Na bei za kikomo za mafuta za EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, zinazotoka kila Jumatano ya kwanza ya mwezi mnazijua: lita ya Mbeya ni ghali kuliko ya Dar, kwa sababu ya umbali.

Dereva, Makambako

Mkuu, umechagua milima tu. Igawa hadi Chimala ni tambarare. Mafinga kuja Makambako hakuna mlima wa kutisha. Halafu vibao vya 50 vijijini umevisahau. Gari kubwa likienda 50 bila mzigo ndipo linapopoteza mafuta zaidi, na ndipo mfumo huo unapofanya kazi yake. Gari la ushirika halibebi magunia kila siku. Linampeleka afisa ugani, linapeleka viongozi mkutanoni, linakwenda benki. Siku nyingi limebeba watu watatu na makabrasha.

Mleta mada

Tambarare ya Usangu, hiyo ya Igawa hadi Chimala, nakubaliana nawe kabisa. Vijijini hapana, kwa sababu ya matuta. Mfumo unataka mwendo usiobadilika. Ukikanyaga breki na kuongeza moto kila baada ya mita mia mbili, silinda zinazimwa na kuwashwa muda wote na mafuta unayookoa ni kidogo. Kitu kingine: watu wanasema kwenye mteremko ndipo inapookoa sana. Ukiachia pedali ukiwa kwenye gia, gari lolote la kisasa linakata mafuta, hata la silinda tatu. Msilihesabu hilo kama faida ya mfumo huu.

Na kama kazi ni kupeleka watu watatu mkutanoni, pikapu kubwa ya nini?

Fundi, Mwanjelwa

Mimi naongelea gereji. Tapeti hizi zina pini ndogo na njia nyembamba za oili. Injini hiyo ya 5.3 inataka oili nyepesi, 0W-20, yenye kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu. Sasa mpe dereva ambaye akikuta oili imepungua ananunua yoyote iliyopo dukani, nene ya lori, anajazia. Tapeti ikikwama inaanza kukwangua kamshafti, shafti inayoisukuma. Kuitoa ni lazima ufungue vichwa vya injini. Hiyo si kazi ya mchana mmoja, na vipuri utaagiza nje wakati gari limepandishwa kwenye mawe na msimu wa mazao unaendelea. Marekani kwenyewe wapo wenye magari wanaochomeka kifaa kwenye soketi ya kompyuta ili silinda zisizimwe kabisa. Mtu amelipia mfumo, halafu anautoa kazini ili injini yake idumu! Viongozi wa ushirika walijue hilo kabla hawajasaini.

Mfanyabiashara wa mbao, Mafinga

Wanangu, mnapima kilomita kwa lita, mimi napima lita kwa mzigo uliofika. Nyuma ya Silverado 1500 unaweka kama tani moja. Hilux ya dizeli nayo ni kama tani moja. Hapo nimemaliza hesabu yangu kwa mtu wa viazi au parachichi. Kubwa inamshinda mwenzake kwenye kuvuta trela, inaweza kuzidi tani nne. Mwenye kazi ya trela ana sababu, wengine hawana.

Na dizeli haibani hewa kama petroli, ule upotevu mnaousema haina tangu mwanzo. Ndiyo maana hamjasikia Hilux ikizima silinda. Ila msiitukuze kila dizeli. Land Cruiser Mkonga ile ya zamani ya lita 4.2 isiyo na turbo, ukiipeleka Njombe na mzigo inapanda kwa unyonge, moshi tupu. Turbo ndiyo inayoturudishia pumzi huku juu.

Lakini mleta mada, hiyo ya Kimarekani usukani uko kushoto. Kupita lori Kitonga dereva akiwa upande wa korongo, haoni mbele mpaka pua yote iwe nje. Mimi ningeanza na hilo kabla ya mafuta.

Mleta mada

Mama, shikamoo. Hoja ya usukani nimeipokea na naiweka juu ya zangu zote, maana hiyo ni roho ya mtu.

Pendekezo langu kwa kamati yoyote ya manunuzi: muuzaji alete gari, lipakiwe tani moja, lijazwe hadi mdomoni hapa Mbeya, liende Iringa lirudi, lijazwe tena pampu ile ile. Lita zihesabiwe mbele ya wanachama, si kwenye kioo cha dashibodi. Kisha Hilux ifanye safari ile ile.

Dereva, Makambako

Jaribio nalikubali, lakini lifanywe mara mbili: lenye mzigo na tupu. Ukipima lenye mzigo peke yake umeshaamua jibu kabla gari halijawashwa.

Mleta mada

Sawa kaka, liwe mara mbili. Na chama kitoe daftari lake la safari za mwaka jana, tuone ni ngapi zilikuwa na mzigo.