Waosha magari na stiliwaya: hivi utomvu wa mwembe ni ukoko wa ugali?

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira, kwa hiyo wale wa kusahihisha herufi nawaomba mnipishe kwanza.

Gari yangu ni nyeusi, rangi ni ile ile iliyotoka nayo kiwandani Japani. Kazini tunapaki chini ya miembe. Maembe yakianza kuchumwa, vikonyo vinatema utomvu na utomvu unatua kwenye maboneti yetu. Nikaipeleka sehemu moja ya kuoshea magari hapa Dar, wenye bango kubwa na mashine ya presha, siyo wale wa ndoo na kopo. Nikamwonyesha kijana matone yaliyokauka, nikamwambia haya yanataka taratibu. Akanijibu, "Ondoa shaka bosi, hiyo kazi ndogo."

Kuinua macho kwenye simu, namkuta ana stiliwaya mkononi. Ile ile ya masufuria! Anasugua boneti kwa nguvu zote, tena anapiga mluzi.

Nilipopiga kelele, mwenye eneo akaja taratibu, akapitisha mkono juu ya boneti, akaniambia, "Mzee, mbona rangi yenyewe ilishachoka?" Halafu, bila haya, akanitajia bei ya polishi ya kufuta mikwaruzo ambayo kijana wake ndiyo kwanza ameichora. Yaani wanakuharibia, kisha wanakuuzia dawa ya walichoharibu. Na ya kuosha walitaka niilipe vile vile!

Sasa naomba tuelewane, kwa sababu najua wengi wenu mnafanyiwa hivi na mnanyamaza. Rangi ya gari za siku hizi ina tabaka la juu lisilo na rangi, mafundi wanaliita kliya. Ndilo linalong'aa, na ndilo linalokinga rangi iliyo chini yake na jua. Unene wake kwa kawaida ni milimita 0.04 hadi 0.05 hivi. Karatasi ya fotokopi ni milimita 0.1. Kwa hiyo unachong'arishia gari yako yote ni nusu ya unene wa karatasi, na huyu bwana anakipelekea waya wa chuma. (Toyota nyingi nyeupe, zile zenye namba ya rangi 040, hata hiyo kliya hazina. Ukizipiga polishi kitambaa kinatoka cheupe, ni rangi yenyewe inaliwa.)

Kinachoniuma zaidi ni kwamba utomvu haukwanguliwi. Unayeyushwa. Mtu yeyote aliyewahi kupasua fenesi anajua hili. Mama zetu wanapaka mafuta ya kula kwenye kisu na viganja kabla ya kuligusa, kwa sababu ulimbo ule ukishakushika, maji na sabuni unaviangalia tu. Sijawahi kuona mama anajisugua vidole kwa msasa baada ya kula fenesi. Elimu iko jikoni kwa kila mtu, lakini ukifungua biashara ya kuosha magari unaisahau?

Utomvu wa mwembe ni mafuta mafuta na gundi ndani yake. Mwembe na mkorosho ni ukoo mmoja, ndiyo maana utomvu wa kikonyo cha embe unaunguza midomo na mafuta ya ganda la korosho yanababua ngozi. Ukidondoka ni majimaji. Jua likipiga boneti, ile sehemu inayoruka hewani inaruka, inabaki gundi peke yake, nayo inazidi kukaza kila siku inayopita. Ukiuwahi siku hiyo hiyo, taulo lililochovywa kwenye maji ya moto yenye sabuni, ukalilaza juu ya tone dakika chache, mara nyingi linamaliza kazi. Ukiuacha wiki kadhaa, unaanza kuila kliya na kuacha alama hata baada ya kuutoa.

Ukishakauka, dawa ni spiriti. Ile ya duka la dawa, ya kusafishia vidonda. Unaosha gari kwanza ili mchanga utoke, unasubiri bati lipoe, unaingia kivulini. Unalowesha pamba au kitambaa laini, unakibandika juu ya tone, unahesabu nusu dakika hivi, halafu unafuta bila kukandamiza. Halijatoka? Unarudia. Halijatoka tena? Unarudia tena, hakuna anayekukimbiza. Mwisho unasuuza kwa maji na kupaka waksi, kwa sababu spiriti inaondoka na waksi iliyokuwepo. Hata sanitaiza zilizobaki kwenye madroo tangu enzi za korona zinafanya kazi hiyo, kilichomo kwa wingi ni alkoholi. Na gari iliyopakwa rangi mtaani, jaribu kwanza mahali pasipoonekana, pale chini ya mlango.

Ndiyo hivyo tu. Chupa moja ya spiriti na subira. Huyu bwana ana mashine ya presha ya mamilioni, spiriti hana.

Kuna wale wa Mafinga na Mufindi, mnaopaki chini ya mipaina. Utomvu wa kwenu ni mkaidi kuliko huu wetu, lakini tapentaini yenyewe inatengenezwa kutokana na utomvu wa paina, kwa hiyo ndugu anamtambua ndugu. Itumieni kidogo, kisha osheni na sabuni isibaki. Mafuta ya taa nayo yanalainisha, ila yanaacha utelezi unaokusanya vumbi usipoosha vizuri.

Petroli na thina sitaki kuzisikia kwenye uzi huu. Thina kwenye rangi ya kiwandani inaweza kukuponyesha ukiifuta haraka, lakini kwenye gari iliyopigwa rangi ya bei rahisi chini ya mti gereji, inaondoka na rangi yote mpaka uone bati. Muosha magari anajuaje yako ni ipi? Hajui, na hakuulizi. Vivyo hivyo ile dawa ya kutolea rangi ya kucha yenye asetoni: ikigusa taa za mbele, plastiki inafifia na kupasuka pasuka, na hapo utanunua taa.

Jambo lingine wanalolichanganya. Miembe ikichanua, kabla embe halijaonekana, gari inajaa vidoa vidogo vidogo vya kunata, mpaka kioo cha mbele waipa zinagoma. Huo mara nyingi siyo utomvu wa mti. Ni uchafu mtamu wa vidukari na wadudu wenzao wanaofyonza maua na majani huko juu. Ni sukari, unatoka kwa maji ya uvuguvugu na shampuu ya gari. Ukiuacha, unaota ukungu mweusi. Nimeona mtu anapigiwa kampaundi boneti zima kwa ajili ya vidoa hivi, akatozwa hela ya maana, kwa kitu ambacho ndoo moja ya maji ingekimaliza! Kampaundi ni mchanga laini, wakuu. Kila ikipita inaondoka na kliya, na kliya haioti upya.

Najua atakuja mjuaji kuniuliza kwa nini napaki chini ya mti. Napaki hapo kwa sababu kibanda cha mabati ni cha wakubwa, sisi wengine tumeachiwa miembe, na Februari hii ya Dar ukiacha gari nyeusi juani toka asubuhi, saa kumi jioni usukani haushikiki. Sasa hivi naifunika turubai la kitambaa, na hilo nalo ukilivuta likiwa na vumbi linakwaruza.

Nimerudi kwa yule mwenye eneo mara ya pili na picha. Ananiambia nilete ushahidi kwamba mikwaruzo haikuwepo. Kijana aliyesugua eti kaacha kazi. Risiti hawatoi.

Ninachoomba kwenu ni kitu kimoja. Mikwaruzo mingi nikiipitishia kucha hainasi, kwa hiyo nadhani imeishia kwenye kliya. Michache karibu na nembo inanasa, hiyo najua polishi haitaifikia. Anayemfahamu fundi hapa Dar mwenye kile kifaa cha kupima unene wa rangi, anayepima kwanza ndipo awashe mashine, aniandikie. Wa "paka dawa ya meno kaka" apite moja kwa moja, uzi huu haumhusu.