Tupeane uzoefu: mtafiti ana msimamo wake, ofisi inataka asiegemee upande

Wadau, hamjambo. Niko kwenye taasisi ya utafiti wa sera hapa Kilimani. Juzi tumeletewa rasimu ya kanuni za mitandao ya kijamii. Inaanza kwa kusema mtafiti ana haki ya kutoa maoni kama mwananchi yeyote. Halafu inaorodhesha mambo asiyoruhusiwa kuyagusa, na ukimaliza kusoma unaona umebakishiwa mvua na timu ya Gor Mahia. (Gor Mahia nayo, kwa Nairobi hii, sina hakika.)

Najua Kifungu cha 33 cha Katiba ya Kenya kinataja uhuru wa taaluma na wa utafiti wa kisayansi waziwazi. Najua pia hoja ya mkurugenzi: tukionekana tuna upande, hakuna atakayefungua ripoti zetu. Nadharia ninazo za kutosha, leteni yaliyowapata. Ofisi msizitaje.

MPIGA HESABU WA RONGAI
Juni 2024, wakati wa Mswada wa Fedha. Tulikuwa tumekokotoa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16 kwa mkate ingeiongezea familia ya kipato cha chini gharama kiasi gani kwa mwezi. Tukaitwa kuwaeleza wakubwa fulani. Hatujafika hata jedwali la pili, mmoja wao akatoa simu, akatusomea alichoandika mwenzetu usiku uliotangulia akiwaita wabunge wezi. Mkutano ukaishia hapo. Mwenzetu hadi leo anasema hesabu zingekuwa zilezile hata kama yeye angekuwa bubu. Ni kweli. Ila hazikusomwa.

DADA WA UMOJA
Si umejijibu mwenyewe? Mkate uliondolewa kwenye mswada tarehe 18 mwezi huohuo kwa sababu ya kelele za vijana. Jedwali lenu liliondoa nini?

MPIGA HESABU WA RONGAI
Na zile takwimu vijana walizokuwa wakirusha TikTok, dada, walizitoa wapi? Kuna watu walikaa chini wakazikokotoa.

DODOSO MKONONI
Mimi nimesimamia wahojaji kwenye tafiti za maoni ya uchaguzi, 2022 ikiwemo. Huko mtandao ndio tatizo dogo kabisa. Asubuhi kabla ya kuingia Mathare au Kayole nilikuwa nakagua nguo: njano hapana, hiyo ni ya chama cha UDA, chungwa hapana, hiyo ni ya ODM. Kuna binti mmoja alirudishwa nyumbani kubadilisha leso ya kichwani, akanuna siku nzima.

Lakini jina huwezi kulivua. Mhojaji akibisha hodi akajitambulisha kwa jina la ukoo, mwenye nyumba amekwisha kumweka kabila, na jibu linapinda hapohapo. Tuliwahi kulinganisha majibu ya mtaa mmoja kulingana na nani aliyeuliza, na tofauti ilitutia baridi. Suluhisho halikuwa kuwaambia wahojaji wasiwe na kabila. Tuliwachanganya, tukaandika kwenye data nani kamhoji nani, ili mchambuzi aione kasoro aipime.

Ndiyo maana naipenda sheria ya 2012 inayosimamia kuchapisha tafiti hizi. Haimuulizi mtafiti atampigia nani kura. Inataka aonyeshe nani kalipia, watu wangapi wamehojiwa, maswali yaliulizwaje, na inazuia kuchapisha siku tano za mwisho kabla ya uchaguzi. Mtafiti mnyamavu anayetunga swali la hila linaloelekeza jibu ni hatari kuliko mropokaji wa mtandao wa X mwenye swali safi. Rasimu yenu inalinda mdomo. Dodoso inalilinda?

MWALIMU MSTAAFU
Wanangu, nimefundisha chuo enzi ambazo Rais mwenyewe ndiye aliyekuwa mkuu wa vyuo vyote vya umma. Mwaka 1982 wahadhiri waliwekwa kizuizini, Willy Mutunga na Al-Amin Mazrui wakiwamo. Sisi tuliobaki tukageukia mada zisizomuudhi mtu. Niliona tasnifu nyingi nzuri mno kuhusu mambo yasiyo na maana, na zote zilisifiwa kwa kutoegemea upande. Kwa hiyo mkiambiwa neno hilo, ulizeni kwanza ni utafiti gani ambao hautafanywa kwa sababu yake.

SAUTI YA KASARANI
Shikamoo Mwalimu. Kwetu mkurugenzi yuko kwenye televisheni karibu kila wiki akichambua siasa, jina la taasisi limeandikwa chini ya kidevu chake. Mimi niligonga laiki tu kwenye chapisho la mwanaharakati, nikapata barua. Tena kwenye ukurasa wangu nimeandika kabisa "maoni ni yangu binafsi". Hayo maandishi hayajawahi kumwokoa mtu.

MPIGA HESABU WA RONGAI
Hayasaidii kwa sababu anayekutafutia kosa hapigi picha sehemu hiyo.

MWENYE UZI
Asanteni. Nimeanza kuandika pendekezo: mtafiti asitoe msimamo hadharani juu ya mada anayoichunguza kwa sasa, hadi ripoti itoke. Mada nyingine zote, yuko huru ndani ya sheria. Dodoso na mpango wa uchambuzi viwekwe hadharani kabla ya kazi ya nyanjani. Na mkurugenzi abanwe na kifungu hichohicho.

DADA WA UMOJA
Na mfadhili? Sisi tuliwahi kuombwa "tulainishe" aya moja kabla ya uzinduzi. Aliyeomba hakuwa na akaunti ya X hata moja.

DODOSO MKONONI
Hapo tuliweka sharti kwenye mkataba: mfadhili anasoma rasimu, anatoa maoni kwa maandishi, na maoni yake yanachapishwa kama kiambatisho. Tangu hapo maombi ya kulainisha yamepungua sana. Mwenye uzi, nitumie ujumbe nikupe maneno ya kifungu chenyewe, nimeondoa majina. Kuhusu mkurugenzi kubanwa, kipeleke hicho kifungu kwenye bodi moja kwa moja. Ukimpelekea yeye kwanza hutakiona tena.