Mguu wa mdogo wangu hauinuki tangu aangukiwe na marobota ya mkonge

Mama Swaumu, Ngamiani
Asalaam aleikum jamani. Mwezi wa tatu mdogo wangu alikuwa anapakua mkonge Pongwe, marobota yakamporomokea. Mguu wa kushoto ulibanwa kwa muda wa saa nne. Mfupa haukuvunjika, tukashukuru. Kesho yake mkojo ukatoka mweusi kama kahawa, mguu umevimba hadi unang'aa. Wakatuambia misuli imesagika na uchafu wake umeziba figo. Akatundikiwa dripu, akasafishwa damu mara tano. Figo zimerudi, alhamdulillah.

Ila unyayo hauinuki. Anatembea akinyanyua goti kama anayevuka maji, vidole vinakwaruza. Mchanga wa uani una mstari kila alipopita. Kandambili humvuka naye anazidi kwenda, mpaka mwanangu amkimbilie, "Mjomba, kiatu chako!" Hasikii ukimgusa, lakini usiku anasema kunawaka moto. Kila ninayemuuliza ananijibu habari za figo. Jirani anasema ni kiharusi, akandwe kwa maji ya moto. Nimeshayabandika. Mguu utarudi?

Mnyoosha Viungo, Muheza
Pole sana dada. Epua hayo maji! Hasikii, ataungua bila kujua. Hicho si kiharusi. Misuli iliyopondwa huvimba ndani ya utando usiotanuka, damu inakosa njia na mishipa ya fahamu inabanwa humo humo. Ule unaoinua unyayo hupita kando ya goti kwa nje, juu ya mfupa, karibu kabisa na ngozi. Ukiumia, unyayo unalegea hivyo hivyo.

Ukiota upya huenda kama milimita 1 kwa siku. Pima kutoka gotini hadi unyayoni, utaona ni karibu mwaka. Siwezi kukuahidi, inategemea umeumia kiasi gani. Ombeni kipimo cha umeme wa mishipa ya fahamu. Kwa sasa anyooshwe unyayo kila siku kisigino kisikakamae, avae kifaa cha kuushikilia, na jioni mmkague kama ana kidonda.

Babu Shabani, Bagamoyo
Mimi nilifukiwa na kifusi cha kisima. Kidole gumba cha mguu kilicheza mwezi wa nane tangu nifukiwe. Huo moto wa usiku una dawa yake, amwambie daktari, asinyamaze.

Mama Swaumu
Nimeepua. Nimemsomea yote, akauliza tena: mwezi wa nane? Ameanza kuhesabu vidoleni.